Nzi Aliyeota Kuvu, Panya wa Harvard na Sindano za Shangazi

Kuna picha ya nzi mfu ambayo ukiiona asubuhi, jioni bado iko kichwani. Ni nzi mdogo, wa wale wanaozunguka ndizi zikishaiva kupita kiasi. Amekufa, na mwili mzima umeota kuvu kama mkate uliosahaulika kabatini wiki nzima. Nyuzi za kuvu zimemtoka kila upande. Picha hiyo ilipigwa kwa hadubini ya elektroni na ikachapishwa mwaka wa 1996, pamoja na utafiti kutoka maabara moja ya Strasbourg, Ufaransa. Miaka 15 baadaye, kazi hiyo ilipata Tuzo ya Nobel.

Najua unachowaza. Mimi na nzi wapi na wapi? Vumilia kidogo. Stori hii inaanzia kwa nzi, inapita kwa panya na mbu, halafu inatua kwa sindano za Kichina, zile ambazo siku hizi ukifungua simu hapa Nairobi unatangaziwa kwamba "zinaongeza kinga ya mwili". Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Si daktari na koti jeupe sijawahi kuvaa. Lakini bando ninazo, na kusoma najua.

Tuanze na jeni. Nimesema jeni, si jini, hakuna mtu anayepunga pepo hapa. Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya seli, yanayoiambia itengeneze protini gani. Miaka ya 1980 huko Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake walikuwa wanasaka jeni zinazoamua kiinitete cha nzi kitakuwa na mgongo upande gani na tumbo upande gani. Wakapata moja ambayo ikiharibika, kiinitete kinachanganyikiwa kabisa. Wakaiita Toll. Hilo ni neno la Kijerumani ambalo msee wa mtaani angelitafsiri bila kufungua kamusi: noma!

Kwa miaka kadhaa Toll ilijulikana kama jeni ya mgongo na tumbo, basi. Hakuna aliyeihusisha na magonjwa.

Huku Strasbourg kulikuwa na jamaa anaitwa Jules Hoffmann, mzaliwa wa Luxembourg, ambaye ujana wake aliumalizia kwa nzige. Si wale waliovamia kaskazini mwa Kenya 2020, hawa walikuwa binamu zao. Katika maabara aliyoanzia, walikuwa wakihamisha viungo kutoka kwa nzige mmoja hadi mwingine bila kujisumbua na dawa za kuua viini, na bado nzige hawakuwa wanaoza. Jiulize: binadamu akipasuliwa hivyo angefika wapi? Na mdudu hana hata kingamwili, zile protini ambazo mwili wako hutengeneza baada ya chanjo ili ukumbuke adui. Sasa mdudu anajikinga na nini?

Jibu lilianza kuonekana polepole. Mdudu akiambukizwa, kiungo chake kinachohifadhi mafuta humwaga protini ndogo ndogo zinazoua viini. Baadhi ni za kuua bakteria, nyingine ni za kuua kuvu. Kilichokuwa hakijulikani ni swichi. Nani anapiga king'ora?

Mtafiti kijana katika maabara ya Hoffmann, Bruno Lemaitre, alichukua nzi ambao njia ya Toll imeharibika, akawadunga kwa kisindano kilichochovywa kwenye mbegu za kuvu inayoitwa Aspergillus fumigatus. Nzi wa kawaida wengi waliendelea na maisha yao. Wasio na Toll walikufa ndani ya siku chache, wakiwa wameota ile kuvu ya kwenye picha. Na kitu kingine: hao hao wasio na Toll wakiwekewa aina fulani za bakteria, walijikinga vizuri tu. Walioshindwa na bakteria hizo walikuwa nzi wenye hitilafu katika jeni tofauti, imd. Maana yake king'ora hakikuwa kimoja. Kimoja kinalilia kuvu, kingine kinalilia bakteria fulani.

Nataka ushike namna walivyojua, kwa sababu tutaitumia hadi mwisho. Fundi wa Grogan akishuku plagi, hakai kuhutubia. Anaichomoa, anawasha, anasikiliza injini. Anairudisha, anasikiliza tena. Ondoa, uone. Hiyo ndiyo kazi nzima. Lemaitre hakusema Toll "inasaidia mwili kuwa na nguvu". Aliondoa kitu kimoja kinachojulikana kwa jina, akaonyesha kinachokufa.

Miaka miwili baadaye, 1998, kitu kile kile kilijitokeza kwa panya. Pale Dallas, Marekani, Bruce Beutler alikuwa amehangaika miaka mitano na panya wa ajabu. Kuna kemikali kwenye ngozi ya bakteria fulani inayoitwa lipopolisakaridi, tuiite LPS kama wanavyoiita wenyewe. Ukimpa panya wa kawaida LPS nyingi, mwili wake unawaka: homa, kuvimba kwa ndani, presha inashuka, anakufa. Hata bakteria mwenyewe hayupo, ni ile harufu yake tu imeingia. Panya wa Beutler walikuwa wanapewa LPS hawashtuki. Wakati huo huo, bakteria hai aina hiyo wakiwaingia, wanakufa upesi kuliko wengine. Walikuwa viziwi. Hawasikii king'ora, kwa hivyo hawapati madhara ya kelele, lakini pia mwizi anaingia hadi chumbani.

Beutler alipofika kwenye jeni iliyoharibika, akakuta hitilafu ya herufi moja tu. Na jeni yenyewe ilikuwa ndugu wa Toll ya nzi. Inaitwa TLR4. Wewe unayesoma hii unayo, pamoja na ndugu zake wengine tisa. Wewe na kile kinzi cha kwenye ndizi mnatumia aina moja ya king'ora, cha zamani kuliko mfupa.

Nobel ya 2011 ilienda kwa Hoffmann na Beutler, pamoja na Ralph Steinman aliyegundua seli nyingine za kinga. Steinman alikuwa amefariki siku tatu kabla ya tangazo, na kamati haikuwa na habari. Kwa kanuni zao marehemu hapewi, lakini wakaamua tuzo yake ibaki. Lemaitre hakutajwa, na alisema hadharani kwamba kazi ile aliifanya yeye na hakupewa heshima inayomstahili. Wanasayansi wengine nao wakaandika kulalamika kwamba Charles Janeway na Ruslan Medzhitov, walioonyesha Toll ya binadamu mwaka wa 1997, wameachwa nje. Drama tupu. Ukidhani ni wasanii wa gengetone pekee wanaogombania nani aliandika verse, fikiria tena.

Na hapa kwetu mdudu anayetuhusu si wa ndizi. Ni mbu. Mbu Anopheles gambiae naye ana kinga, na ndani yake kuna protini inayoitwa TEP1 ambayo hugandia kwenye kimelea cha malaria kikiwa bado tumboni mwa mbu na kukitia alama ya kuuawa. Mwaka wa 2004, kundi la watafiti akiwemo Elena Levashina, naye wa Strasbourg, lilizima jeni hiyo kwa mbu. Vimelea vikaongezeka. Hata mbu wa jamii maalum ambao kwa kawaida huua vimelea vyote walipoteza uwezo huo. Ondoa, uone. Walitumia malaria ya panya, si ile inayotulaza sisi, na hilo lazima lisemwe. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa: kumbe mbu si gari tu la kubeba malaria, anapigana nayo pia, na mara nyingi hushindwa.

Ndiyo maana huwa nasikia raha nikipita Kasarani na kuona Duduville, makao ya icipe, taasisi aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Mwaka wa 2020 wanasayansi wa huko na wenzao wa Glasgow walitangaza kijidudu kinachoitwa Microsporidia MB, walichokipata ndani ya mbu karibu na Ziwa Victoria. Mbu aliye nacho hapati vimelea vya malaria, na mama mbu huwarithisha watoto wake. Mbu mwenyewe haonekani kudhurika. Ukimpigia simu mtu yeyote aliyekulia Mbita au Homa Bay, atakueleza malaria ni nini bila kuhitaji takwimu.

Sasa sindano.

Shangazi yangu anauza mboga Umoja. Saa kumi alfajiri yuko Marikiti, saa kumi na mbili amebeba gunia. Mgongo umemsumbua tangu nikiwa primary. Mwaka huu mtu akamwelekeza kliniki moja ya sindano za Kichina, akaambiwa vipindi 10, elfu tatu kila kimoja. Na wakamwambia, nanukuu alivyotuletea kwenye grupu ya familia, kwamba mgongo utapona "na kinga itapanda". Familia ikaanza kuchanga. Mimi, kwa sababu sina kazi ya ofisini, nikaachiwa jukumu la "kuchunguza kwa intaneti".

Hiyo sentensi ya kinga ndiyo iliyonikwaza. Kwa sababu baada ya kusoma habari za Toll, unagundua kwamba "kuongeza kinga" ni maneno matupu. Kuongeza kipi? King'ora cha kuvu au cha bakteria? Panya wa kawaida waliouawa na LPS kinga yao haikuwa dhaifu. Ilikuwa imepiga kelele kupita kiasi. Mtu mwenye lupus au baridi yabisi hana upungufu wa kinga, ana kinga inayoshambulia mwenye nyumba. Ukimpandishia hiyo unamfanyia hisani gani?

Kuhusu mgongo, kuna jaribio kubwa lililofanywa Ujerumani na kuchapishwa 2007. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilidungwa sindano kwenye sehemu zile za vitabu vya Kichina. La pili lilidungwa juu juu tu, sehemu ambazo si za vitabuni, bila kuambiwa. La tatu lilipata tiba ya kawaida: dawa, mazoezi, kukandwa na mtaalamu. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6. La tatu, asilimia 27.4. Hapo mwenye kliniki anashangilia. Lakini la pili, la sindano za uongo, lilipata asilimia 44.2.

Soma tena hizo namba. Walioondolewa ramani nzima ya Kichina, wakadungwa popote, walipata nafuu karibu sawa na wenzao. Kwa hivyo kitu fulani kilisaidia, na huenda ni kulala chini nusu saa huku mtu anakuhudumia, huenda ni matumaini, huenda ni kudungwa kwenyewe popote pale. Ila ile ramani ya nguvu za mwili inayoning'inia ukutani kwenye kliniki haikuonyesha kazi ya maana. Baadaye watafiti walipojumlisha majaribio mengi ya aina hii, yenye maelfu ya wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu, waliona sindano za kweli zinazishinda za uongo, lakini kwa tofauti ndogo. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa 2016 unasema wenye maumivu ya kiuno wasipewe sindano hizi. Wa 2021 unasema zinaweza kufikiriwa kwa maumivu fulani ya muda mrefu yasiyo na chanzo kinachoeleweka. Kwa kifupi, wakubwa wenyewe hawajamaliza kubishana.

Ningeishia hapo kama singekutana na panya wa Harvard, na hao ndio walionifanya niandike haya yote.

Mwaka wa 2014, kundi la Luis Ulloa wa New Jersey liliwapa panya maambukizi makali ya damu, likawawekea sindano zenye umeme mguuni, karibu na sehemu ambayo Wachina huiita Zusanli, chini kidogo ya goti. Uvimbe wa ndani ukapungua. Wakafuatilia njia: umeme unapita kwenye neva ya mguu, unafika kwenye neva ya vagasi, unafika kwenye tezi za adrenali zinazokalia figo, na tezi zinamwaga dopamini. Wakaondoa hizo tezi. Sindano ikakosa nguvu.

Mwaka wa 2021, Qiufu Ma wa Harvard na wenzake wakaenda mbele zaidi. Walipata aina moja mahususi ya seli za neva, zinazotambulika kwa jeni inayoitwa PROKR2, zilizojaa kwenye tishu za ndani za mguu wa nyuma wa panya na karibu hazipo kwenye tumbo. Wakaziua seli hizo tu. Umeme ule ule mguuni haukutuliza tena uvimbe. Wakazichochea kwa mwanga bila sindano yoyote. Uvimbe ukatulia. Hapo sasa, baada ya miaka elfu na ushee ya ubishi, mtu ameonyesha kwa nini mguu na si tumbo, na amefanya hivyo kama fundi wa Grogan.

Na unajua walitumia nini kuwaasha hao panya uvimbe? LPS. Ile ile ya Beutler, inayopitia TLR4, ndugu wa Toll. Nilipofika sentensi hiyo nilisimama kitandani, manze. Sindano ya Kichina ilikuwa inajaribiwa dhidi ya king'ora kilichogunduliwa kwa nzi aliyeota kuvu.

Lakini angalia wanachosema kwa makini. Hakuna mahali kinga "ilipanda". Ilishushwa sauti. Na umeme wenyewe ulikuwa mdogo sana. Kundi hilo hilo la Ma lilikuwa limeonyesha 2020 kwamba umeme mkali tumboni, ukitangulia kabla ya LPS, unawasaidia panya, lakini ukija baada ya uvimbe kuanza, unazidisha ugonjwa. Panya wale wale, sumu ile ile, saa tofauti. Kwa hivyo anayekwambia sindano hizi "hazina madhara kwa sababu ni asili" hajasoma utafiti anaoutumia kwenye matangazo yake.

Tena hao ni panya. Hata upande wenye Nobel, panya walishawahi kutudanganya. Baada ya TLR4 kujulikana, kampuni moja ilitengeneza dawa ya kuiziba, eritoran, ili kuokoa wagonjwa wa ICU wenye maambukizi makali ya damu. Ilipojaribiwa kwa karibu watu 2,000, matokeo ya 2013 yalionyesha haikupunguza vifo. Sayansi safi, jeni sahihi, dawa inayogonga pale pale panapotakiwa, na bado binadamu hakuwa panya mkubwa.

Kuna pia mahali wadudu na sindano hukutana moja kwa moja, na hapo pananitisha. Kliniki nyingine hutumia nyuki hai kudunga, au hutia sumu ya nyuki kwenye zile sehemu za sindano, na tangazo ni lile lile la kinga. Mwaka wa 2018 madaktari wa Uhispania waliandika kuhusu mwanamke wa miaka 55 aliyekuwa akidungwa na nyuki kila mwezi kwa miaka miwili bila shida. Siku moja mwili wake ukakataa, presha ikaporomoka, akapoteza fahamu. Alifariki wiki kadhaa baadaye. Kinga yake haikuwa imepungukiwa na chochote siku hiyo.

Nilichoandika kwenye grupu ya familia kilikuwa kifupi kuliko hiki. Nilisema sindano zinaweza kumpunguzia shangazi uchungu, na kwamba hakuna haja ya kulipia vipindi vyote mara moja kabla ya kujua kama vinamfaa. Auone kwa macho yake ukifunguliwa mfuko mpya wa sindano, na zikitolewa mwilini zitupwe, zisiende kwa mtu mwingine. Wakimletea nyuki atoke. Na dawa zake za presha asiache hata siku moja, hata kama aliyevaa koti jeupe atamwambia mwili sasa utajisimamia. Mjomba mmoja akajibu kwa emoji ya kidole gumba, na mwingine akauliza kama nimepata kazi.

Shangazi alilipia vipindi vitatu. Pesa iliyobaki kwenye mchango akaanza kumlipa kijana wa mkokoteni, ambaye sasa humbebea gunia kila asubuhi kutoka Marikiti hadi stage. Mgongo umepoa, anasema, na sifa zote anazipa sindano. Mimi ningependa kujua kama ni sindano au ni mkokoteni, na njia ya kujua ipo, ni kumwondolea kimoja. Atakayeenda kumwambia arudi kubeba gunia kwa ajili ya utafiti si mimi.